Kola ya Babu

3 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa mvuke. Hapa hospitalini tunapiga pasi mashuka mia tatu kwa siku.

Bibi, kibali changu kinaisha tarehe 30 Juni, na baada ya hapo nafukuzwa. Lakini karani wa uhamiaji kaniambia mjukuu wa mtu aliyezaliwa nchi hii ana haki ya uraia. Na Babu si alizaliwa huku huku! Wanataka cheti chake cha kuzaliwa, au angalau namba yake. Nakuomba upekue sanduku lake.

Mke mwenzako


25 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yanalia kama mlango mkavu, lakini yananifikisha.

Sanduku nimelipekua mpaka chini. Kuna mkasi, vifungo na soksi moja. Kisha nikakumbuka, nikakaa kitako sakafuni. Alikikata! Unamjua babu yako, fundi cherehani yule, akiona karatasi ngumu mikono inamwasha. Alikifanya karatasi ya kukatia kola, na mimi mwenyewe nilimshikia ncha. Nisamehe, mjukuu wangu.

Bibi yako


14 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Niliposoma barua yako nilicheka, kisha nikalia. Wenzangu wanarithi mashamba, mimi nimerithi kola! Karani anasema bila namba hawezi kuanza kupekua madaftari ya miaka ile. Usijisumbue tena, nimeanza kufunga mizigo. Ila niambie, mtu anawezaje kukata cheti chake mwenyewe?

Mjukuu wako


20 Mei

Wewe mke mwenza mwepesi wa kukata tamaa,

Fungua hiyo mizigo!

Cherehani ya babu yako tulimwachia fundi wa mtaa wa pili, na karatasi zake zote zikaenda nayo, zimetungwa kwenye waya. Nimekwenda na fimbo yangu. Nimegeuza kola moja moja, mpaka miwani imekatika mkono. Ya thelathini na nane ina muhuri! Fundi akagoma kuitoa. "Bibi, hii ndiyo inayokaa vizuri shingoni kwa watoto." Nikamwambia achore nyingine, hii imepata kazi. Namba yote ipo kwenye ncha, na nusu ya jina. Naituma kwa rejista.

Umeuliza kwa nini alikikata. Ndugu zake walikuwa wakimwita arudi kwao kila mwezi, na mimi nikikonda kwa wasiwasi. Baba yako alipotimiza mwaka, babu yako akakitoa cheti, akakikata kiwe karatasi ya kola ya shati la kwanza la mtoto. Akasema, "Basi, siendi popote." Ndiyo maana nilishika ncha. Nilikuwa na furaha, mwanangu.

Bibi yako


27 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena! Karani aliigeuza kola akauliza kama namtania. Nikamsomea namba. Akaingia ndani, nikakaa saa mbili nikihesabu vigae. Akatoka amekumbatia daftari. Babu yumo, kwa wino, na mtaa aliozaliwa, na kazi ya baba yake: fundi cherehani. Makarani wengine wakaja kuitazama kola. Wamegonga muhuri, Bibi. Mimi ni raia! Nimepiga vigelegele mle ofisini na hakuna aliyenikataza.

Walitaka kuibakiza kola kwenye faili. Nikakataa katakata, wakachukua nakala. Inarudi kwako humu, pamoja na fomu: mjane naye ana haki. Tia saini uje ukae nami.

Mke mwenzako, raia


22 Julai

Mke mwenzangu raia,

Marahaba mara mia. Barua nimemsomea kila jirani, hata yule tusiyesalimiana naye. Sasa hapo ni kwenu, tembea kifua mbele, na mtu akikuuliza unatoka wapi mwambie akafungue daftari.

Kola imefika salama. Fomu nayo nimeipokea. Karatasi yake ngumu, nzuri sana. Kaka yako kapata mtoto wa kiume wiki iliyopita, basi nimeitandika mezani, nikaweka kola ya babu yako juu, nikaichora na kuikata.

Siendi popote.

Bibi yako