Koki ya Ubaoni

Mdogo wangu Pampu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mkutanoni, na kwamba goti lako halilalamiki kwenye ngazi za hoteli. Huku sote tunapumua. Mkeo anakohoa kidogo asubuhi. Nimemkataza kulala dirisha likiwa wazi, lakini hasikii la mtu. Mimi macho yamezidi kugoma kazi ya karibu. Ya mbali yanaona bado, kwa hiyo wewe huko uliko nakuona vizuri kabisa.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu nikianza tu kusema jambo la maana unaniambia mtandao mbaya. Barua haina mtandao. Anakuletea mhasibu wako, anayekufuata huko kesho, nami nimemwagiza asiondoke mbele yako mpaka uifungue.

Najua hupendi tena kuitwa Pampu. Siku hizi wewe ni Mkurugenzi wa chuo, na hata mkeo mbele ya wageni husema Mkurugenzi amelala, Mkurugenzi anaoga. Niache nimwandikie Pampu. Mkurugenzi nina hasira naye, na nikimwandikia yeye nitachana karatasi.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu mjukuu wangu. Unampa pole kwa yaliyompata kwenye nyumba ya wageni, unasema ni mambo ya kawaida kwa anayeanza kazi, na unasema umeshamwekea nafasi katika Stashahada ya Ufundi Bomba ili akaimarishe msingi, mwaka mwingine mzima, kuanzia Jumatatu. Nilisoma hapo mara mbili nikidhani ni macho. Hayakuwa macho.

Inaonekana hujui kilichotokea, au umeelezwa na watu wanaokuogopa. Basi nisikilize mimi nisiyekuogopa.

Siku ya mahafali ulimvisha nishani mbele ya wafadhili ukasema huyu ndiye wa kwanza katika mabomba, na wengine waige. Habari ikamfikia mama mwenye nyumba ya wageni pale karibu na kituo cha mabasi. Akamwita akabadilishe koki ya bafu la juu iliyokuwa inavuja. Mtoto akaazima spana kwa jirani, akaenda anatembea kama anayekwenda kuapishwa.

Hatua ya kwanza aliijua. Funga koki kuu. Aliiandika kwenye mtihani akapata alama zote. Akaanza kuitafuta. Sasa, kule chuoni kwako koki kuu ni mchoro wa chaki: bomba limelala, na juu yake gurudumu la duara, lenye vishikio kama usukani wa gari, limepakwa chaki nyekundu. Akatafuta gurudumu jekundu. Alitafuta uani, chini ya ngazi, nyuma ya tangi, akainama mpaka chini ya sinki la jikoni, wapishi wakamuuliza kama amedondosha hereni. Anasema alipita tena na tena mbele ya bomba lenye mkono bapa kama mpini wa kijiko, akadhani ni la gesi. Kuuliza aliona aibu. Aliyekuwa wa kwanza darasani atamwulizaje mpishi koki kuu iko wapi? Akaamua kwamba nyumba ile haina koki kuu, akapanda juu, akalegeza nati.

Maji yalimpiga kifuani yakamkalisha. Yakashuka ngazi, yakatoboa dari, yakaingia chumba cha chini alimofikia mchuuzi wa magodoro na mali yake. Magodoro yakanywa maji mpaka yakawa mazito kama ng'ombe waliokufa. Ndipo akaja mama mwenye nyumba, simu sikioni, akiendelea kuongea na mtu, akausukuma ule mkono wa kijiko kando kwa kiganja, na maji yakakatika. Kisha akakata simu na kumgeukia mtoto. Alisema yeye aliomba fundi, nani kamletea mshairi. Akamuuliza kama huko chuoni huwa wanachora na ubwabwa ubaoni kisha wanakula. Akamwambia aiache ile nishani mlangoni, labda itaziba tundu la dari.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani amelowa, akapita sebuleni bila kunisalimia.

Mwaka mzima, Pampu. Nilimuuliza polepole, naye akanijibu polepole, na kila jibu lilinipandisha presha. Mwalimu anachora, wao wanakopi. Wanaandika faida za tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji, na hakuna aliyewahi kuizungusha kwenye bomba. Mtihani wa vitendo, uliouandika kwa herufi kubwa katika kijitabu cha chuo, ulikuwa kuchora spana na kutaja sehemu zake. Aliichora vizuri sana. Aliweka hata kivuli.

Na stoo imejaa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ungekuwa huna vifaa ningekuonea huruma, ningepita mlango kwa mlango nikuombee hata nyundo. Lakini wafadhili walikuletea spana za kila ukubwa, misumeno ya chuma, jiliwa la kubania bomba, na mashine ya kukatia uzi wa bomba ambayo mafundi wa mjini wanaiona kwenye picha tu. Vyote viko kwenye maboksi na plastiki zake, na ufunguo uko kwenye mnyororo wa suruali yako. Nilipokuuliza mwaka jana ulisema wanafunzi wataviharibu, halafu wageni wakija watauliza viko wapi tulivyotoa. Kwa hiyo siku ya wageni vinatolewa, vinafutwa vumbi, wanafunzi wanavishika, wanapigwa picha, na jioni vinarudi kulala. Mjukuu wangu yuko kwenye picha ya jalada la nyuma la kijitabu chako ameshika spana ndefu kama mkono wake. Ameniambia ndiyo siku pekee aliyoishika, na mpiga picha alimwambia ameishika kichwa chini.

Huku vyoo vya wanafunzi vimeandikwa havitumiki. Chuo cha mabomba, vijana wa mabomba, wanavuka barabara kwenda kujisaidia kwenye kituo cha mafuta, na mwenye kituo ameanza kuwalazimisha wanunue soda kwanza. Nilimuuliza msaidizi wako akasema mnasubiri zabuni.

Nimefundisha historia kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi kufanya kazi yoyote, kwa hiyo vumilia nikukumbushe yetu kidogo. Tulipoingia mji huu tukikimbia, mimi nilikuwa na vyeti vyangu nimevifunga kwenye plastiki na kuvibana kifuani, maana niliona bora nguo zilowe kuliko vile. Ofisa aliviangalia mbele, akavigeuza nyuma kama anatafuta kilichobaki, akasema serikali iliyopiga mihuri hii haipo tena. Akanirudishia kwa adabu. Wewe hukuwa na cheti cha kurudishiwa. Uliacha shule katikati kwa sababu shule yenyewe ilikuwa inaungua. Ukaketi kwenye kona na beseni la maji na pampu ya kuazima, ukaandika kwenye kipande cha boksi kwamba unaziba pancha.

Hukujua kuziba pancha. Tube ya kwanza ilipasuka kabla mwenyewe hajafika mwisho wa mtaa, akarudi nayo mkononi akitaka kukuchapa nayo. Ya pili ulibandika kiraka kabla gundi haijakauka. Ukawa unazamisha tube kwenye beseni, unatazama mapovu yanatokea wapi, unakosea, unatukanwa, unarudia. Mpaka watu wakaacha kukuuliza jina wakakuita Pampu, na wenye baiskeli wakawa wanapita kona za wengine kuja kwako. Mimi mwenye shahada nilikula kwenye beseni lile mpaka nilipopata shule ya kufundisha. Nilipokuwa nikimsimulia mjukuu wangu haya nilifungua kijitabu chako nione umeliandikaje beseni. Umeandika kwamba Mkurugenzi alianza safari yake katika sekta ya usafirishaji.

Ndiyo maana sikusamehe kirahisi. Mtu ambaye hajawahi kushika kazi, akifundisha kazi kwa chaki, ningemwelewesha. Wewe unajua. Unajua kwamba mkono ni mjinga mpaka ukosee, na kwamba unatakiwa ukosee mapema, mahali ambapo kukosea hakumloweshi mtu magodoro. Hawa watoto wanaokujia ni watoto wetu, watoto wa waliofukuzwa. Kesho wakifukuzwa na hapa, na sisi hatuna wa kutuapia kwamba hawatafukuzwa, hakuna mtu mpakani atakayewanyang'anya wanachojua kufanya. Nawe, kati ya watu wote, ukawapa karatasi nyingine ya kubana kifuani.

Usije ukasema dada amezeeka amekuwa adui wa vitabu. Nyumba yangu unaijua. Mgeni akija lazima nihamishe vitabu ndipo apate pa kukaa. Sijamwambia mtoto yeyote aache shule na sitamwambia. Nasema shule isimfunge mikono halafu impigie makofi.

Mtoto alikaa chumbani siku nyingi. Wenzake wa mtaani wakipita dirishani walikuwa wanapaza sauti kuuliza kama Profesa yupo, kuna bomba linataka hotuba. Aliitoa nishani na cheti akavitia chini ya godoro. Siku moja aliniuliza, bila kulia, kama nadhani yeye ni mjinga. Nilimjibu kwamba sidhani, akasema nasema hivyo kwa kuwa ni bibi yake. Kisha ukaja ujumbe wako wa Stashahada. Nilitegemea atacheka. Alisema labda ni heri aende, kule chuoni angalau hakuna maji.

Sikulala vizuri, nikaamka nimeamua. Sasa nakuambia nililofanya, na uketi kama umesimama.

Ulipoondoka uliniachia funguo za akiba kama mwenyekiti wa bodi, ukasema ni za dharura tu. Niliona dharura. Nimefungua stoo. Nimewaita wahitimu wa mabomba wote niliowapata, tumechana plastiki, na tumeanza kufumua vyoo vya chuo. Nimemleta yule fundi wa mtaa wa pili wanayemwita Fundi Matusi. Wala si malaika. Anachelewa kufika, ananuka pombe kabla ya chakula cha mchana, na kazi zake mwenyewe zingine zinavuja. Lakini anawaachia spana mikononi kisha anawatukana wakikosea, na hilo linatosha kwa kuanzia. Mwalimu wako wa mabomba alikuja kunizuia kwa niaba yako. Alisimama akitazama, baadaye akakiri kwamba hata yeye alifundishwa kwa ubao na hajawahi kukata bomba, akavua tai akaomba msumeno.

Mjukuu wangu alikataa kuja. Nikamdanganya kwamba nimesahau vidonge vyangu nyumbani aniletee. Alifika amekunja uso, akawakuta wenzake wanabishana nati inafunguliwa upande gani. Fundi Matusi akauliza ni nani huyu anasimama kama mgeni wa harusi. Mmoja akasema ndiye yule wa magodoro. Walicheka wote, na mimi niliogopa kwamba nimemmaliza kabisa. Akanipa vidonge vyangu. Akavua viatu. Akauliza koki kuu ya hapa iko wapi, na hakuna aliyejua, hata Fundi Matusi, aliyekuwa amekunja mpira wa bomba na kuufunga kwa waya ili kuzuia maji.

Aliitafuta mwenyewe. Safari hii alifuata bomba kwa mkono tangu ukutani mpaka ardhini, akahamisha kile chungu chako cha maua mbele ya ofisi, akainua mfuniko wa zege. Haikuwa gurudumu wala kijiko. Ilikuwa kichwa kidogo cha mraba, kimejaa kutu, kinachotaka spana. Akaifunga. Akaifungua. Akaifunga tena, akaifungua, mpaka wapangaji wa ghorofani, juu ya chuo, wakaanza kupiga kelele wana sabuni usoni.

Basi ukirudi ujue hali: maboksi yamechanika, spana zina matope, msumeno mmoja umevunjika meno, na zulia la ofisi yako limelowa kwa sababu vijana walikosea kiungo kimoja. Wafadhili ukitaka waone walichotoa, walete hivyo hivyo. Ukitaka kunitoa kwenye bodi, nitoe. Funguo sirudishi mpaka mlango wa stoo uwe unafunguliwa kila siku ya masomo kama mlango wa darasa. Ukiufunga tena, nitawaandikia wafadhili barua kama hii, na kwao sitaanza na salamu.

Nisalimie wenzako wote huko mkutanoni. Mkeo anasema usisahau shali yake, na majirani wanauliza unarudi lini. Kuhusu mjukuu wangu, Fundi Matusi amepata kazi kwenye jengo la ghorofa, na ramani yake imemshinda. Alikuwa anakisia, anarudi dukani kila saa kwa bomba lililopungua. Mtoto aliikunjua juu ya meza yangu akamhesabia mabomba na viungo vyote. Fundi aliitukana ramani, akamtukana na yeye, naye akamrudishia. Nilimuuliza nikujibu nini juu ya ile nafasi ya Stashahada. Alisema umpe mwingine, Jumatatu yeye anaingia kazini.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda na bado nina hasira.