Vikapu Kumi na Kimoja

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Swaumu imenikausha koo, na bado nimepanda kilima cha Busunzu kwa miguu – baiskeli ya idara ya kilimo imekufa tangu Mei. Nimeitwa na Mama Odilia, yule mjane wa juu ya kisima. Kihenge chake kinalia! Nimetega sikio. Kweli, ndani kuna kitu kinasaga. Nimeshika gunzi moja, likamiminika mkononi. Unga mtupu. Na ni mahindi ya Juni!

Si fukusi. Fukusi watu wa hapa wanamjua tangu mababu – anakula chake, anawaachia chao. Huyu ni mdogo, rangi ya kahawa iliyoungua, kichwa kakificha chini ya kifua kama mwizi. Katoboa mpaka nguzo za kihenge. Miaka minane ya ubibi shamba, kuanzia kwetu Morogoro hadi huku, sijapata kumwona. Nimewafungia watano kwenye kiberiti.

Jumanne, 7 Agosti

Kiberiti kina matundu matatu. Wadudu hawamo. Wametoboa ubao wakaenda zao!

Nimeandika ripoti kwa katibu wa kijiji. Kihenge kichomwe upesi, kabla hawajahamia kwa jirani. Nimemuuliza Mama Odilia mbegu kaipata wapi. Kasema kaletewa na Niyibizi, yule Mrundi ambaye yeye mama alimficha nyumbani kwake mwaka wa sabini na mbili, alipokimbia mauaji kwao. Baadaye serikali ilimpeleka Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi, lakini kila mwaka huja kumshukuru. Safari hii kaja na nusu gunia la mahindi ya mbegu, mengine yakatiwa kihengeni, na yupo bado, anamfyatulia matofali.

Nimeandika: "Chanzo: mahindi ya mkimbizi kutoka Tabora." Nimepiga mstari chini yake kwa rula. Ripoti safi. Najipenda nikiandika hivi.

Alhamisi, 9 Agosti



Katibu kaisoma ripoti yote mkutanoni, halafu akairudia kwa Kiha. Nilitaka wasikie habari ya kuchoma. Wakasikia ule mstari.

Dionis ndiye kamanda wa mgambo. Karudi kutoka Uganda mwezi wa sita, mwili umefika, macho bado yako vitani. Kachukua debe la mafuta ya taa, watu nyuma yake. Mama Odilia kakumbatia nguzo ya kihenge, hataki kuachia. Dionis kampiga teke la mbavu, akaachia. Moto ukawaka. Niyibizi akaja mbio kutoka kwenye matofali, mikono ina tope, akamvuta mama wa watu asiungue. Hilo tu alilofanya! Rungu la kwanza lilikuwa la Dionis. Baada ya hapo sikuhesabu. Majembe. Mawe. Mwanamke niliyemfundisha mwenyewe kupanda kabichi kaokota tofali bichi, kalirusha kwa mikono miwili. Meno ya Niyibizi niliyaona chini.

Nimepiga kelele kwamba ni mdudu tu, hajatumwa na mtu. Mzee mmoja kanijibu bila hata kugeuka: "Kila mdudu ana mwenyewe."

Ijumaa, 10 Agosti

Niyibizi amekufa kwenye machela, kabla hatujaifikia barabara ya Kibondo. Nilikuwa mmoja wa wabebaji wanne. Damu ilinishukia begani, nikaendelea kutembea.

Nimemuua kwa rula. Polisi wakija nitasema nini? Kwamba niliandika kweli? Ndiyo, niliandika kweli.

Jumapili, 12 Agosti

Watu hawa siwaelewi! Leo wamempelekea Mama Odilia mahindi. Desturi yao: aliyeunguliwa hajazi kihenge peke yake, kila nyumba humbebea kikapu. Waliobeba ni wale wale wa Alhamisi. Hata Immakulata, mke wa Dionis, kaja na cha kwake kichwani, kapiga magoti, katoa pole. Mama Odilia kapokea, ubavu umefungwa kanga.

Nilitaka kuvipiga mateke vile vikapu. Halafu nikakumbuka kwamba na changu kimo. Kumi na kimoja, pamoja na changu.

Alhamisi, 16 Agosti

Kikapu changu kimerudi. Ndani Mama Odilia kaweka magunzi mawili, mahindi yake meupe, makubwa. Nimeyatundika jikoni, sina moyo wa kuyala. Nimelia kidogo. Labda amenisamehe.

Jumanne, 11 Septemba

Unga sakafuni jikoni. Chini ya yale magunzi mawili.

Nimekimbia hadi kwa Mama Odilia. Hakunificha. Siku ya moto alikuwa na mahindi ya mbegu darini, ya gunia la Niyibizi, yalikuwa hayajaguswa. Ndiyo aliyotia kwenye vikapu. Nikamuuliza, kwa ukali, vikapu vingapi. Vyote.

"Kikapu hakirudi kitupu, mwanangu. Ningewarudishia upepo?"

Nimekaa chini. Nyumba kumi na moja. Tulimchoma mdudu, tukaua mtu, halafu shukrani ikamgawa mdudu mlango kwa mlango.

Wakati wa kurudi nimepita msituni, nyuma ya kihenge kilichoungua. Nimevunja tawi kavu la mninga. Matundu yale yale, na yeye mwenyewe ndani, anasaga. Amehamia porini! Fukusi ana nyigu wake wa kumpunguza. Huyu hapa hana adui. Huko alikotoka lazima yuko anayemla, ila huyo hakuja naye kwenye gunia. Tungechoma vihenge vyote vya Kibondo na Kasulu, angetungoja kwenye miti.

Sitasema. Nikisema, watamwendea Mama Odilia. Nisiposema, kufikia Desemba watoto watalala njaa. Nitawaambia wapukuchue, waanike, watie dawa. Bila kutaja mbegu ilikotoka.

Alhamisi, 13 Septemba

Saa nne asubuhi. Dionis, ambaye polisi hawajamgusa hadi leo, amekaa kizingitini kwangu, debe la mafuta ya taa liko kati ya miguu yake. Vijana wake sita wako uani. Unga umeonekana kwenye nyumba tatu. Anasema safari hii nisiandike maneno mengi.

"Bibi shamba, andika majina tu. Nyumba zenye mdudu, na aliyempeleka."

Nikamwambia kuchoma hakusaidii, yuko msituni. Akasema basi aliyempeleka yuko wapi, msituni pia?

Kwa hiyo ninaandika. Anadhani ndiyo orodha. Kalamu ikisimama anainua macho, kwa hiyo haisimami. Karatasi ya orodha iko chini ya daftari hili, ina jina moja: Stumai binti Khatibu. Langu. La pili linatakiwa kuwa Immakulata. Akiona ni nyumbani kwake, ama atalirudisha debe, ama atamwanza mkewe. Nyumba moja tu sitaiandika.

Ameuliza nimefika wapi. Nimesema la pili. Ameuliza mbona ukurasa umejaa.

Kusoma anajua, polepole, kwa kidole. Nilimfundisha mwenyewe, darasa la watu wazima.

Amesimama. Anakuja na kidol