Figa la Tatu

Chuo cha Ualimu, Kasulu
9 Juni 1975

Baba, shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu, hasa miguu ya Bibi.

Mwalimu wetu ametuagiza kila mmoja alete neno la kwao na asili yake. Nimechagua kutindimba. Wenzangu wanacheka, hawajawahi kulisikia. Nimewaambia ni kutembea kwa uzito hadi ardhi iitike. Lakini lilitoka wapi?

Binti yako,
Josepha

Murungu
2 Julai 1975

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, maharage mwaka huu si haba.

Neno hilo ni la marehemu babu yako Bazilio. Alipohama Gwarama, kijana bado, alibeba mafiga matatu ya mama yake siku mbili bila kuyatua. Figa likitua njiani, moto wa nyumba unabaki hapo, na aliyelitua ndiye lazima alinyanyue. Watu walitoka milangoni kumsikia akipita: tindi-mba, tindi-mba. Ndipo likawa neno.

Nilitaka kuishia hapo. Ila tangu tuhamishiwe kijijini, kila jioni mtu anatindimba kutoka njia ya mlimani tuliyohamia mpaka jikoni kwetu. Anasimama, kisha anarudi. Ukichungulia, hakuna mtu. Bibi anasema huo ni mwendo wa mume wake, na chakula cha jiko hilo hakigusi tena. Amekonda, naogopa.

Baba yako,
Dionis

Kasulu
20 Julai 1975

Baba, shikamoo. Nimesoma nikalia. Kosa ni langu.

Siku ya kuhama ulinipa figa moja kati ya yale matatu ya Babu. Lilinielemea, nikalitua pale kijitoni, kando ya daraja la magogo. Karibu na kijiji nikaokota jiwe lingine linalofanana nalo. Ulipolipanga na yale mawili nikanyamaza, niliona haya. Najua ilinipasa kulinyanyua mwenyewe, lakini chuoni sina ruhusa. Tafadhali kalichukue wewe, Bibi ale.

Binti yako,
Josepha

Murungu
3 Agosti 1975

Mwanangu, hatujambo. Nimekusamehe.

Nilikwenda kijitoni na mjomba wako Tharsisi. Figa halipo. Pamebaki alama yake, na nyayo za mtu mmoja zilizozama hadi kifundo, kiangazi hiki, udongo mkavu. Tulizifuata. Kwenye njia panda hazikukata kuja kwetu. Zimeshika barabara ya Kasulu.

Hapa hasikiki tena. Jana Bibi alikula, akacheka hata. Ananituma nikwambie: ukimsikia, usikimbie wala usiite wenzako. Mfungulie wewe mwenyewe. Amebeba, hawezi kubisha hodi.

Baba yako,
Dionis