Mtani Wangu Ameanza Kunisalimia kwa Adabu

Mpendwa Bi Zabibu, mshauri wetu,

Salamu kutoka Tabora. Naomba msaada, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua, halafu ukifika mwisho cheka utakavyo, kwa sababu hata mimi ningekuwa siyo mimi ningecheka. Jina langu usilitoe gazetini, andika Fundi E. tu, ingawa hapa mjini fundi cherehani mwenye E. na kipara na mdomo kama wangu ni mmoja, na hata watoto wa shule wanamjua.

Nina miaka sitini na miwili, nina mke mmoja, Levina, watoto wetu wanne wameshaondoka nyumbani, na ugonjwa wangu ni bendi. Bendi yetu inaitwa Kazeh Jazz, ilianza kabla sijajua kuvaa viatu, mtindo wake ni Asali Mbichi, na inapiga mpaka leo ingawa kati ya waanzilishi hakuna aliye hai. Mwimbaji wa kwanza alikuwa Adinani, tuliyemwita Mninga kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na haina mchwa. Adinani alipofariki mwaka 1986 akashika Sabiri, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja na treni kuitikia tu, akaimba miaka thelathini na sita mpaka mguu ukamkatalia kusimama, na sasa anaimba binti anaitwa Najiat, mwenye miaka ishirini na sita. Basi barazani kwangu, penye cherehani yangu na birika la kahawa, wako wanaosema bendi ilizikwa na Adinani, wako wanaosema bendi ni Sabiri, na wako vijana wanaosema sisi wazee tunyamaze tumsikilize Najiat, na nimeona watu wazima wakinyimana chumvi kwa jambo hili.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa bendi, tena ndiye kichwa cha kundi la Adinani, na cheo hicho sikukipata kwa elimu, nilikipata kwa sababu mimi ndiye mtu wa mwisho mjini aliyemsikia Adinani akiimba, siku ya Sabasaba 1986, kwenye dansi la mchana kule Igalula, miezi miwili kabla hajafa. Hadithi hiyo nimeihadithia kila mwaka kwenye sherehe za bendi na watu wanapiga makofi.

Sasa nikuambie ilivyokuwa kweli. Nilitoka Tabora kwa baiskeli ya mjomba, ikapata pancha mara mbili njiani, nikafika dansi liko katikati na ukumbi umejaa hata mbu hapiti, na baiskeli siyo yangu siwezi kuiacha nje, nikasimama dirisha la nyuma nimeshika usukani, na nilichokiona kwa macho yangu haya ni kiwiko cha mpiga dramu. Basi. Ila sauti niliisikia. Ilitoka ile sauti nikalia, Bi Zabibu, nikalia mpaka msichana aliyetoka nje kupunga upepo akaniuliza kama nimefiwa, na msichana huyo ndiye Levina.

Kile kiwiko kikaanza kukua. Baada ya miaka kumi nilikuwa nimeshamwona Adinani bega, baada ya ishirini nikamwona na leso yake nyeupe, na mwaka jana niliwaambia watu kwamba alinitazama akanikonyeza. Nilipokuwa naisema hiyo ya kukonyeza nilijisikia vibaya kidogo, lakini makofi yalikuwa mengi.

Na kwa hadithi hiyo nimemtesa Sabiri. Nimemwita kopi, nimemwita chai ya majani yaliyochemshwa jana. Mwaka 1994 nilishona sare za bendi nikamkatia suruali fupi makusudi, inchi mbili nzima, akaonekana jukwaani kama mtoto anayekwenda madrasa, naye akaivaa mwaka mzima huku akiwaambia watu kwamba kitambaa kilichobaki fundi kakifanyia ngata ya kubebea mizigo, maana Mnyamwezi hata umpe cherehani kichwa chake bado kinatafuta mzigo. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, ni watani tangu mababu walipokutana kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kupita barazani kwangu bila kunitukana. Mbeba pembe, umeshatua? Na mimi namjibu, mla mihogo, leo umeamka mwenyewe au umeamshwa na ngoma? Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mama yangu alipofariki Kwihara mwaka 2003, Sabiri alikuja kufanya kazi yake ya mtani. Akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na alipotoka na mavumbi yake akapaza sauti mbele ya watu wote kwamba huyu Mnyamwezi mnayemwona, kule Igalula alinililia mimi akidhani anamlilia Adinani. Watu wakacheka mpaka padri akageuka pembeni, na mimi nilicheka kuliko wote. Nani anaamini neno la mtani msibani?

Wiki tatu zilizopita Najiat aliniletea kaseti. Aliipata kwa mama mmoja wa Igalula, na redio kaseti inayofanya kazi anajua ninayo mimi. Akasema, shikamoo mzee, nisikilizie kama huyu ndiye Adinani mwenyewe, nijifunze kuimba kama yeye, maana kila siku unasema mimi siyo. Nikaiweka jikoni Levina akichagua mchele. Kabla ya wimbo kuna mtu anatangaza, sauti iko wazi kabisa, anasema leo Sabasaba ndugu yetu Adinani ameshikwa na homa amebaki Tabora, kwa hiyo ataimba kijana wetu mpya Sabiri, mpokeeni. Halafu ikaja ile sauti. Ileile.

Nilizima redio. Levina hakuinua hata kichwa, akasema, "Sisi tulioingia mapema tulitangaziwa, Baba Kabula. Nilidhani unajua. Halafu nikaona hujui, nikasema atachoka mwenyewe kuhadithia."

Sikuchoka.

Najiat nimemdanganya kwamba redio imetafuna kaseti. Iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo, na kila nikishona naisikia kama inakohoa.

Na hapo ndipo balaa lilipo. Jumamosi hii bendi inafanya sherehe kubwa ya kumkumbuka Adinani, na Sabiri, ambaye sasa ana miaka sabini na moja, ameomba aimbe wimbo mmoja tu, wa mwisho, akiwa amekaa kwenye kiti. Kiongozi wa bendi kaacha wapenzi tuamue. Tumepiga kura, tisa kwa tisa, na kura ya mwenyekiti ndiyo inayosubiriwa mpaka Ijumaa jioni. Mimi siku ile ya mkutano, kabla ya kuipata hiyo kaseti, nilishasema kwa kinywa kipana kwamba siku ya Adinani haichanganywi na kopi. Sabiri alikuwepo. Hakunitukana. Alisema, sawa, fundi, akachukua fimbo yake.

Tangu hapo anapita barazani, anasimama, ananiambia, "Habari za asubuhi, fundi. Nyumbani hawajambo?" Kisha anakwenda zake. Bi Zabibu, mimi nimeshatukanwa na Wazaramo karibu wote waliowahi kushuka stesheni ya Tabora na nikalala usingizi, lakini hiyo habari za asubuhi inanikosesha hata chakula.

Sasa nifanyeje? Nikisema ukweli, mimi ni nani tena pale barazani? Nikinyamaza nikampa kura kimyakimya, watauliza kwa nini nimegeuka. Kuna rafiki yangu kanishauri niitupe kaseti jalalani na Jumamosi nijifanye naumwa tumbo. Nipe la kufanya, ila lisiwe kali sana.

Fundi E., Tabora

*

Fundi E.,

Pole. Nimecheka, tena nimecheka kwenye kiwiko, kabla ya mwisho, unisamehe.

Umeomba lisiwe kali. Hilo sikupi. Kwanza ondoa kichwani kwako kwamba ulidanganywa. Watu walitangaziwa kwa sauti, wewe ulikuwa unaziba pancha. Mtani wako alikuambia mbele ya kaburi la mama yako. Mkeo alikuwa anajua. Na Igalula yote ilikuwa ukumbini, baba, hao wote wanajua, na wanakusikia mwaka hadi mwaka ukimwona Adinani na leso. Asiyejua alikuwa mwenyekiti peke yake. Kwa hiyo hicho cheo unachoogopa kukipoteza, wenzako wamekuachia tu kama anavyoachiwa mzee kiti kibovu anachokipenda.

Pili, acha kujificha nyuma ya Adinani. Marehemu hapungukiwi kitu. Alikuwa na homa, alilala nyumbani kwake Tabora. Unayemlinda ni wewe.

Na kuna jambo umelipita mbio kwenye barua yako kama hukuliona. Masikio yako hayakukosea. Ulisimama dirishani na baiskeli ya watu, hukumwona mwimbaji, hukujua jina lake, hukuwa na kundi, na sauti ikakuliza mpaka ukapata mke. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yako ya haki, fundi, uliipiga ukiwa na miaka ishirini na mitatu. Halafu ukakaa miaka thelathini na tisa ukimtukana mtu yuleyule aliyekuliza, kwa sababu jina lilikuwa siyo. Ungekuwa mdogo wangu ningekufinya sikio.

Haya, kazi. Kaseti siyo yako. Itoe kwenye vifungo leo hii umrudishie Najiat, umwambie redio haikutafuna kitu, uliyetafuna maneno ni wewe. Akiuliza amwige nani, mwambie Sabiri siku ile alikuwa mgeni kwenye bendi, hajapata hata muda wa kumwiga mtu, na ndiyo maana ulilia. Binti wa watu unamwambia kila siku yeye siyo! Siyo nani?

Levina mshukuru. Usitoe hotuba, sema asante tu. Mwanamke amesikiliza kiwiko kikiota bega, kikiota leso, kikakonyeza, na hakukuaibisha hata siku moja mbele ya wageni wako.

Kura mpe Sabiri, na sababu uitaje. Ukimpa kimyakimya utakuwa umemfanyia hisani, na mtu hafanyiwi hisani kwa kilicho chake. Jumamosi, ukifika wakati wa hadithi yako, simama useme ulikuwa dirishani, useme ulichokiona, wacha wacheke. Wakimaliza kucheka mpe mzee mwenzio kipaza sauti, ukakae.

Lakini usingoje Jumamosi. Hapa unisikilize vizuri, maana najua ujanja wenu. Utataka kwenda kwa Sabiri na vicheko, umwambie mla mihogo, kumbe ulikuwa wewe, mcheke, yaishe. Hapana. Utani una mipaka yake na wewe umeuvuka. Mtani anatukanwa, ananyang'anywa kuku, anakatiwa hata suruali fupi, anavumilia, kwa sababu anajua bado unamhesabu kuwa mtu wako. Siku ulipomzuia kuimba wimbo wake wa mwisho ulimwondoa kwenye hesabu, naye akakusalimia kama anavyosalimiwa mtu baki. Amekuelewa kuliko unavyojielewa. Kwa hiyo nenda na Levina, asubuhi, ukae chini, umwite kwa jina lake, umwambie, Sabiri, kule Igalula nilikulilia wewe, na nimekukosea. Pale usitie utani hata chembe. Na umpimie suruali, safari hii ifike kifundoni.

Najua ungependa kuliwaza hili mpaka Ijumaa jioni. Haiwezekani. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatano, na gazeti lenye barua yako linapanda basi usiku huu, Alhamisi saa saba mchana litakuwa mkononi mwa kila mtu pale barazani kwako, pamoja na hiyo E. yako. Uliniomba nisilitoe jina lako, hukuniomba nisilete gazeti Tabora. Una asubuhi moja.

Ukishamaliza kusema, nyamaza, usijitetee, usimtaje mjomba wala pancha. Sikiliza atakachokujibu. Akikuita mbeba pembe, shukuru Mungu, umesamehewa. Akikuambia karibu chai, fundi, basi kunywa hiyo chai, aga kwa heshima, na urudi tena kesho yake.

Zabibu