Damu ya Kabula

Jumatatu, 9 Juni
Sampuli kumi na tisa kabla ya chai. Baridi. Mashine imechelewa kuwa tayari.

Ya ishirini ni ya Kabula, miaka mitatu, kaletwa na mama yake kutoka Mtowisa, bondeni. Homa siku ya sita. Malaria hana, nimepima mara mbili. Lakini kipimo cha uvimbe mwilini kiko juu sana. Uvimbe wa wapi? Nimempigia Daktari Editha wa wodi ya watoto. Macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo imepasuka, mikono imevimba. Anashuku ugonjwa wa Kawasaki. Jina hilo nalijua la pikipiki tu.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma hadi chai imepoa. Ugonjwa huu unavimbisha mishipa ya damu, hata ile inayolisha moyo. Chanzo hakijulikani. Homa inaisha, moyo unaweza kubaki na kasoro. Miaka kumi na moja maabara, sikuwahi kuuwaza. Ni watoto wangapi nimewaandikia "hakuna malaria" nikaishia hapo?

Tuna kipimo cha troponini, cha watu wazima wenye maumivu ya kifua. Ni protini ya misuli ya moyo. Ikionekana kwenye damu, misuli imeumia. Nimeomba ruhusa, nimepima. Mstari mmoja tu; ingekuwepo, ingekuwa miwili. Haipo.

Nimefurahi mno. Nimepita wodini nikamwambia Mama Kabula moyo wa mtoto ni mzima. Si kazi yangu kutoa majibu. Nimetoa.

Jumatano, 11 Juni
Siku mbaya. Baba Kabula amepanda kutoka bondeni, kaja kuwachukua. Rufaa ya Mbeya aliyoandika Daktari Editha kaikataa.

"Mwenye mashine kasema moyo mzima. Mbeya tunafuata nini?"

Mwenye mashine ni mimi.

Daktari Editha hakunifokea. Bora angefoka. Kasema misuli inaweza kuwa salama huku mishipa inatanuka, na troponini haiioni mishipa. Inaonekana kwa picha ya moyo, huko Mbeya. Dawa nayo iko huko, na inafaa iingie ndani ya siku kumi za homa. Leo ya nane.

Nimeenda wodini.

"Baba Kabula, nilikosea. Nilisema nisichokijua."

Kaniangalia sana. "Sasa nikuamini wa jana au wa leo?"

Nimemwambia kesho napima tena, aje aone mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni
Amekuja. Kaketi, fimbo magotini. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimepanda sana tangu Jumatatu. Nimemweleza hatari yake kwenye mishipa iliyovimba. Halafu troponini. Tumesubiri. Mstari wa pili, hafifu. Kauona kabla yangu.

"Huo?"

"Huo, baba."

Kaondoka bila kuaga. Saa saba mchana gari la wagonjwa limetoka, wote watatu ndani.

Naogopa. Na nakiri hapa tu: natamani sana kujua picha itaonyesha nini.

Jumanne, 17 Juni
Daktari Editha kapata simu kutoka Mbeya. Mshipa mmoja wa moyo umetanuka kidogo. Dawa iliingia siku ya kumi, homa ikashuka kesho yake. Nimekaa chini. Kisha nikaanza kuuliza. Kwa nini mstari ulichelewa? Kwa nini mshipa huo na si mwingine? Kacheka, kasema hata wakubwa wake hawajui yote.

Jumatatu, 21 Julai
Kabula kaletwa kupimwa. Bado anakunywa aspirini kila siku, damu isigande. Chembe sahani zimerudi kawaida, uvimbe haupo. Mama yake kaniuliza moyo vipi. Nikamwambia damu inapendeza. Mshipa siujui, tusubiri picha ya pili. Kasema, "Haya."

Nilipomshika mkono nimeona kucha zake. Kila moja ina mfereji mdogo wa kukingama. Nimesoma: kucha zilisimama kuota wakati wa homa, kisha zikaendelea. Kabula naye kaziangalia, moja moja, mpaka ya mwisho.