Vikombe Vinane vya Wifi Aikande

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa. Nimepika mtori wa ndizi na nyama mara mbili kama kawaida: sufuria kubwa ya mgahawani kwangu, mtaa wa Sakina, na kisufuria cha wifi yangu Aikande, anayeuguzwa hapa kwetu. Wa biashara napika kwa macho tu. Wake napima. Vikombe vidogo vya kahawa, vinane kwa siku, kimoja kila baada ya saa mbili, kwa sababu hana tumbo. Walilitoa lote Aprili. Kansa yake ni ya aina adimu. Haikai pamoja kama uvimbe, inatambaa ndani ya ukuta wa tumbo mpaka linakakamaa, na ina haraka. Sasa chakula kinashuka moja kwa moja kwenye utumbo.

Amebandika ratiba ukutani. Mwalimu wa hesabu miaka ishirini na sita kule Nduruma, hata milo anaiita vipindi. Cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi, cha nane saa mbili usiku. Akimaliza anafunika kikombe kwenye trei, mdomo chini, ili nione. Tangu niolewe kwao nilimwona ana maringo. Kumbe sikuwa namjua.

Tarehe 17 anapimwa uzito. Akiwa chini ya kilo arobaini na sita, kemo ya baada ya upasuaji haianzi. Daktari hakuficha: bila kemo, ugonjwa kurudi ni rahisi.

Alhamisi, 5 Juni
Mizani ya zahanati hapa Moshono: arobaini na sita na nusu. Kipindi cha tatu alitapika. Akapumzika nusu saa, akaniita. "Wifi, lete kingine. Kile hakihesabiki." Ningekuwa mimi ningejifunika blanketi mpaka kesho.

Jumapili, 8 Juni
Nimefanya upumbavu. Akina mama wa jumuiya walikuja baada ya ibada, wamejaa sebule nzima. Nilipoleta kikombe cha kipindi cha tano, mwenyekiti wao akacheka. "Mama Ombeni, wewe mwenye mgahawa! Hata mzazi aliyetoka kujifungua anapewa bakuli, mgonjwa unampa hicho cha mtoto?" Kwetu Wachaga mtori ni wa kumjaza mtu mpaka mashavu yarudi. Niliona aibu. Mimi, ambaye wateja wananisifia kwa kujaza sahani! Nikajaza bakuli.

Aikande aliniangalia, akawaangalia wageni, akala. Zaidi ya nusu. Wageni walipoondoka tu, jasho, moyo mbio, utumbo unamkata, akatapika mpaka maji ya njano. Mume wangu aliuliza kulikoni. Nilikuwa sijafungua mdomo. "Nilijisahau mwenyewe, kaka," akasema Aikande.

Jumatatu, 9 Juni
Arobaini na tano na kidogo. Kosa langu. Nimemwambia mume wangu ukweli. Alienda kukaa kwenye gari peke yake. Nikamuuliza Aikande kwa nini alikula huku anajua kitamdhuru.

"Ulikuwa mbele ya wageni wako, wifi."

Nimelia jikoni. Sijui kama mimi ningemfanyia hivyo.

Alhamisi, 12 Juni
Vinane. Jana pia vinane. Nimebandika karatasi mlangoni: Wageni karibuni, chakula hapana. Mwenyekiti aliisoma, akanuna, akaondoka. Jioni akarudi na maparachichi ya shambani kwake. "Haya ponda, uchanganye humo kwenye vikombe vyako." Nimeponda. Ameonyesha upendo bila kusema samahani, na mimi nimeridhika.

Jumanne, 17 Juni
Siku yenyewe. Asubuhi nilimvisha koti langu zito. Mfukoni niliweka funguo zote za mgahawa, na kufuli. Tukiwa kwenye foleni hospitalini alizitoa akanipa. "Nimewatoa watoto kwenye mtihani kwa makosa madogo kuliko hili." Akavua koti. Akavua sweta, viatu, hata saa ya mkononi. Kwenye baridi ile, miguu mitupu juu ya mizani, anatetemeka, amenyooka.

Sikuweza kutazama. Nesi akasoma: arobaini na sita na gramu mia mbili. Akapima tena. Ile ile. Nilipiga kigelegele foleni nzima ikageuka. Yeye alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu huyu leo.

Alhamisi, 19 Juni
Kemo imeanza jana. Akigusa kitu cha baridi vidole vinamchoma kama umeme. Napasha hata kijiko. Jana vikombe vitano. Leo vitatu. Naogopa.

Jumatatu, 23 Juni
Vinne. Ratiba hajaitazama.

Ijumaa, 27 Juni
Sita. Alinikosoa chumvi. Nimefurahi kuliko ningesifiwa.

Jumapili, 29 Juni
Mlima umeonekana wote, mpaka kileleni. Jana Sakina kulikuwa na watu wengi, nilirudi nimechoka nikalala bila kupita jikoni. Nilikuwa nimemwachia mtori kwenye chupa ya chai. Leo asubuhi, kabla ya ibada, nimeikuta chupa tupu. Vikombe viko kwenye trei, vimefunikwa. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Tisa. Mume wangu anasema hakumpa yeye, alisikia tu ndala zake jikoni.

Kwenye ratiba, chini ya kipindi cha nane, ameandika kwa kalamu nyekundu: Masomo ya ziada.

Bado amelala. Nimechemsha maji, nimeviosha vyote.