Utepe wa Kituo cha Saba

Mpendwa uliyekuwa wangu,

Sikupanga kukuandikia tena. Lakini juzi klabu ilinipa ramani ya mashindano ya Jumamosi, yale ya kukimbia msituni ukitafuta vituo kwa ramani na dira, nikasoma pembeni: njia zimepangwa na wewe na Mercy. Zamani hapo paliandikwa jina langu. Niliiweka chini ya sufuria ya chai, ipate doa kidogo.

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi kamba sina, nina utepe tu, na nilitumwa msitu wa Timboroa kukagua vituo.

Unakumbuka kazi hiyo? Enzi zetu ulikuwa ukitangulia wewe, ukafunga utepe kila mahali kituo kitakapowekwa. Kesho yake mimi nilikuwa nikifuata na ramani peke yake, bila kuambiwa kitu. Nikiukuta utepe, umepanga vizuri. Nililijua fundo lako la mkono wa kushoto, nikawa nacheka peke yangu kati ya misonobari.

Klabuni walisema safari hii Mercy ndiye aliyekuja kufunga. Anafunga kama kiatu cha mtoto wa nasari, vitanzi viwili. Vituo sita vyote sawasawa, hata kile cha kando ya viazi, ambako wakulima husogeza ua kila msimu. Roho iliniuma. Niliomba akosee, na mimi ni mtu wa kanisa.

Cha saba akakosea! Ramani inaonyesha shimo la juu, pale walipokuwa wakichoma makaa zamani. Utepe ulikuwa shimo la chini. Watoto wa shule wangetafuta mpaka walie. Nilifurahi hadi nikaketi. Nikaamua kunyamaza, Jumamosi Mercy aaibike mbele ya Eldoret nzima.

Kisha nikaliangalia fundo. Lilikuwa la mkono wa kushoto.

Kumbe ulikuja naye. Ulifika Timboroa, na kwangu Yamumbi hukufika hata kusema jambo.

Shimo la juu ndimo tulimojificha mvua ya mawe. Ulinivika sweta lako ukasema, "Nekesa, hapa siwezi sahau hata tukizeeka. Nitakuja na macho nimefunga."

"Utaangukia ndani," nikakujibu.

Siku zote hizi nimemchukia Mercy bure. Yeye siku ile ya mvua ya mawe hakuwepo. Wewe ulikuwepo, na hata ukiwa na ramani mkononi hukupajua.

Nimeufungua utepe wako nikaufunga shimo la juu, kwa fundo langu, watoto wasipotee. Klabu nimewaambia vituo vyote viko sawa. Bado nina wivu, usidhani umeisha.

Jumamosi ukija kutundika alama, usipouona utepe pale ulipouacha, usimwulize Mercy. Panda juu.

Ubaki salama,
Mwenzako wa msituni, yule wa kwanza